Hukumu ya Kuuza Hisa kwa Walio Nchi za Mbali



Ametujia ndugu mmoja wa hapa Kilindini na suala ambalo hatukuona vema kumjibu peke yake, kwani twajua wako wengi wenye suala kama hilo na hawajauliza. Yeye na wenzake wanne wana kampuni, na wataka kuiongezea mtaji kwa kuuza hisa. Wana jamaa Maskati, Dubai, London na Minneapolis, watu wa kazi, ambao kila mwezi huwaletea wazee wao cha kula. Akakusudia kuwapelekea tangazo kwa simu, kila mmoja anunue kadiri ya uwezo wake. Wakili wake akamzuia. Akamwambia kuwa tangazo lile laweza kuwa halali Mombasa, na lifikapo London likawa kosa la kufungwa gerezani.

Ndugu yetu akashangaa, akatuuliza mambo matatu. La kwanza: vipi nizuiwe kumuuzia ndugu yangu mali yangu, na hali Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara? La pili: masharti haya si dhuluma tu ya wenye nguvu juu ya wanyonge? La tatu: je, haifai kuipitisha biashara yote kwa jina la mtu mmoja aliye hapa, mambo yakesha?

Tutajibu moja moja, na twamwomba msomaji awe na subira, kwani jawabu la tatu limetugusa sisi wenyewe.

JAWABU LA SUALA LA KWANZA

Meli ya mchele ifungapo gati hapa Kilindini, mchele ule una uzito na una harufu. Karani atauhesabu, mkaguzi atautazama, na mnunuzi atatia mkono katika gunia, asugue punje kwa vidole vyake. Akidanganywa, amedanganywa macho yake yakiona.

Hisa si hivyo. Hisa ni fungu katika kampuni, na kampuni haitiwi mkono. Aliyenunua hisa amenunua na madeni ya kampuni asiyoyaona, na kesi zilizo mahakamani asizozisikia, na mapatano waliyofanya wakurugenzi na jamaa zao faraghani. Tumesoma sote katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye kuuza alipotoa udhuru wa mvua, alimkemea kwa kuuficha unyevu ule chini, wala hakuuweka juu watu wakauona. Basi na tujiulize: unyevu wa kampuni uko wapi, na nani atakayeuweka juu?

Sheria za hisa za ulimwenguni, ukiziondolea maneno yake mengi, zazunguka juu ya jambo hilo moja. Marekani, baada ya soko lao kuanguka mwaka 1929 na watu wengi kupoteza akiba zao, waliweka sheria mwaka 1933 kwamba hapana ruhusa kuwauzia watu hisa ila ziandikishwe kwanza, na maelezo ya kampuni yatolewe wazi, mazuri yake na mabaya yake. Au biashara iwe katika mafungu yaliyosamehewa na sheria yenyewe. Sheria ile haimwambii mtu kuwa hisa hii ni njema na ile ni mbovu. Yamlazimisha muuzaji aseme, kisha mnunuzi achague. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 1989, iliweka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na anayetaka kuwatangazia watu wote hisa hapa kwetu hana budi kwanza apate idhini juu ya waraka wa matarajio, ambao ndani yake hueleza hesabu zake, madeni yake, wakuu wake na hatari zake.

Huenda akasema msemaji: haya tumeyakubali, lakini ikiwa Kenya imekwisha kuridhika na waraka wangu, Uingereza na Marekani zina haki gani kuniuliza tena?

Twamjibu kuwa sheria hizi hazitazami kitovu cha mnunuzi kilizikwa wapi. Zatazama amekaa wapi wakati anapoitwa kununua. Kijana wa Kibokoni akikaa Minneapolis, basi kwa hukumu hii yeye ni mtu wa Minneapolis, japo mama yake yuko hapa na chakula chake ni wali wa nazi. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 1990, imeziacha hisa zinazouzwa nje ya nchi yake, kwa sharti kwamba muuzaji asifanye juhudi ya kuzinadi ndani ya nchi hiyo. Na aliyeko ndani, milango iliyoachwa wazi bila ya kuandikisha hisa imewekwa zaidi kwa wenye mali. Katika hao ni mtu ambaye pato lake la mwaka lapita dola 200,000, au ambaye mali yake, mbali na nyumba anayoikaa, yapita dola milioni 1. Ama Uingereza, sheria yao ya mwaka 2000 yamkataza mtu, katika shughuli ya biashara, kumwalika mwingine atie fedha katika hisa ila awe amepewa idhini, au mwaliko wake umepitiwa na mwenye idhini, au uwe katika yaliyosamehewa. Na adhabu yake yafika miaka 2 gerezani. Tangazo la simu ni mwaliko. Wakili wa ndugu yetu hakumtisha bure.

Hii ndiyo sababu ukifungua waraka wa kampuni kubwa inayouza hisa zake, mara nyingi wakuta katika kurasa za mwanzo maneno kwamba waraka huu si mwaliko kwa walioko Marekani, Kanada, Australia au Japani. Wako wasomao maneno hayo wakadhani ni dharau. Muuzaji hakumdharau mtu; amejilinda na mahakama za nchi hizo.

Na sisi wanafunzi wa fiqhi si wageni wa maana hii. Katika milango ya biashara tumesoma katazo la kuwalaki wenye misafara. Watu wa mji walikuwa wakitoka nje, wakikutana na wachukuzi wa bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni, wakinunua kwao kwa bei ndogo kwa kuwa wale hawakujua bei ya mji. Mtume alilikataza jambo hilo, na aliyelakiwa akapewa hiari ya kuvunja mauzo afikapo sokoni na kuijua bei. Msafara haukukatazwa kuuza, wala mji haukukatazwa kununua. Kilichokatazwa ni kumkuta mwenzio mahali ambapo wewe wajua na yeye hajui, na ukaharakisha kufunga mapatano kabla hajajua.

Ni kweli kwamba katika katazo lile aliyelindwa ni muuzaji, na hapa ni mnunuzi. Lakini sababu ni moja. Kijana wa Minneapolis hakufika sokoni. Hawezi kuja leo kulitazama ghala, wala hamjui mhasibu, na akidhulumiwa kesho hatasimama mbele ya kadhi wala hakimu wa Mombasa bila ya kupanda ndege. Tangazo letu la simu limemlaki njiani, tena limemlaki kwa jina la udugu, na udugu huufunga mdomo wa mtu asiulize hesabu.

Tumeona hapa kwetu mfano mwema wa kanuni hii. Mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilitaka kuinunua kampuni ya saruji ya Bamburi, ambayo kiwanda chake cha pwani twakijua sote. Haikuachiwa kuwapitia wenye hisa mmoja mmoja majumbani mwao, huyu kwa bei hii na yule kwa bei ile. Ilibidi itoe ahadi moja kwa wote kwa maandishi, shilingi 65 kwa kila hisa, na mshauri wa kando akatoa maoni yake juu ya thamani. Mnunuzi mwingine akajitokeza kwa bei ya juu zaidi, kisha akajitoa. Mwezi Desemba mwaka huo biashara ikatimia. Bibi kizee mwenye hisa 100 aliahidiwa kwa kila hisa bei ile ile ya tajiri mwenye milioni. Amefikishwa sokoni kabla ya kuuza.

JAWABU LA SUALA LA PILI

Je, masharti haya ni dhuluma? Twasema: yako ya haki, na yako yasiyokuwa ya haki, na si uadilifu kuyatia yote katika kapu moja.

Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Katika miaka yake ya mwanzo, biashara ile ilikuwa ya Wazungu wakaazi. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Sharti lile halikuwekwa ili mnunuzi ajue. Liliwekwa kwa rangi ya ngozi. Hilo ni dhuluma, wala halihitaji darsa.

Kisha soko lile likawa la Afrika Mashariki nzima, na hisa za kampuni za Uganda na Tanganyika zikiuzwa hapo. Halikudumu hivyo. Tanzania ilipotaifisha mabenki na makampuni makubwa kuanzia mwaka 1967, na Uganda ikafuata, na kila nchi ikaweka ulinzi wa fedha zake katika mpaka, soko likapoteza ujirani wake, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Serikali zilikuwa na hoja zake, nazo ni kuhifadhi fedha za kigeni na kuzuia mali isikimbie. Lakini ndugu wawili, mmoja Tanga na mmoja Mombasa, ambao jahazi moja lingewafikishiana kwa upepo mwema, wakawa mbali katika jambo la hisa kuliko Nairobi na London.

Umbali huo ulidumu muda mrefu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom, kila moja kwa shilingi 5, watu walipanga foleni kutoka Machi 28 mpaka Aprili 23. Kwa kanuni za Kenya za wakati ule, mtu wa Afrika Mashariki alihesabiwa pamoja na wenyeji. Kenya ilimfungulia mlango, lakini mkaazi wa Tanzania hakuwa huru kwa sheria ya kwao kutoa fedha nje kununua hisa bila ya idhini ya Benki Kuu yake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 1, 2010, nayo yataja uhuru wa mitaji kupita. Lakini Tanzania ililegeza kanuni zake kwa nchi za Jumuiya mwaka 2014. Kenya nayo ilikuwa imewawekea wenyeji robo ya hisa za kila kampuni ya sokoni, na mwaka 2015 ikaliondoa sharti hilo.

Mwaka 2017 tuliona upande wa pili wa jambo hili. Sheria ya Tanzania ililazimisha makampuni ya simu kuuza robo ya hisa zao kwa raia. Vodacom ikatoa hisa milioni 560, kila moja kwa shilingi 850 za kule. Nia ilikuwa njema, kwamba wenye nchi wapate fungu katika mali inayochumwa kwao. Lakini muda ulipokwisha hisa hazikuisha, muda ukaongezwa, na mwishowe sheria ikageuzwa mwaka huo huo ili wa nje nao wanunue. Tujifunze hapa kwamba mlango waweza kufungwa kwa ajili ya kumpa mwenyeji nafasi, naye asiwe na cha kununulia.

Na kuna mlango unaofungwa kwa uzito wa mfuko. Mwezi Juni 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hati fungani zilizouzwa ng'ambo na kuandikishwa katika soko la Ireland. Hatusemi hapa habari ya riba iliyomo, kwani hukumu yake yajulikana na ina darsa yake. Twasema habari ya mlango. Fungu dogo kabisa la hati zile lilikuwa dola 200,000. Mchukuzi wa hapa gatini alilipa ushuru wa kulilipia deni lile, na hati yenyewe hakuweza kuigusa. Wenye kuitunga watasema kuwa fungu kubwa ni kinga, kwamba mtu mdogo asitiwe katika hatari asiyoijua. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini ikiwa ukubwa wa mfuko ndio elimu, basi tajiri mjinga ameruhusiwa na maskini mwerevu amezuiwa.

Basi kipimo chetu ni hiki. Sharti ambalo lamfikisha mnunuzi penye kujua, na lampa mahali pa kushtakia, ni la haki na twalitii kwa moyo. Sharti ambalo lamzuia tu, bila ya kumfundisha wala kumlinda, twaliweza kulisema na kutaka ligeuzwe, kwa njia za haki. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepatana kwamba waraka ukikubaliwa katika nchi moja waweza kutumika katika nyingine, baada ya kuarifiana. Hilo ndilo lifaalo kutakwa na watu wa Mombasa na Tanga, Kampala na Unguja: mkaguzi mmoja aaminiwe na wote.

JAWABU LA SUALA LA TATU

Sasa tumefika kwenye hila, kwamba biashara yote ipitishwe kwa jina la mtu mmoja aliye hapa. Hapa twasema kwa kuungama.

Mwaka 2008, tulipokuwa tungali wapya katika kazi ya kusomesha, alitujia mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu mwaminifu. Alikuwa amekusanya fedha za kununulia hisa za Safaricom: zake mwenyewe, na za dada yake aliye Tanga, na za binamu yake aliye Maskati, raia wa huko. Akauliza kama yafaa kununua zote kwa jina lake. Tukamwambia kuwa amali huenda na nia, na maadamu nia ni njema hapana ubaya. Hatukumwambia aandike, wala aulize sheria. Tulikuwa na elimu ya mlango mmoja, tukafutu katika nyumba nzima.

Hisa zilizoombwa zilizidi zilizokuwapo mara nyingi, hata mnunuzi mdogo akapewa karibu moja kwa kila tano alizoomba. Fedha zilizobaki zikarudi kwa jina lile moja. Ipi ya dada, ipi ya binamu? Mzee alijua kwa kichwa chake. Bei nayo ikaanguka chini ya shilingi 5 kabla ya mwaka kwisha, na kila mmoja akaona aibu kuuliza. Kisha mzee akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika daftari la hisa, jina ni lake na nambari ya kitambulisho ni yake. Warathi wakaja na cheti cha kifo kutaka haki yao, na kwa dhahiri ilikuwa haki yao.

Dada wa Tanga alikuwa na barua moja ya marehemu, wakamkubali. Binamu wa Maskati hakuwa na hata herufi. Kanuni ya mahakama yetu twaijua: mwenye kudai alete ushahidi, na mwenye kukanusha aape. Warathi waliapa kuwa hawajui, na walisema kweli, kwani hawakujua. Tukahukumu kwa dhahiri, na binamu akarudi mikono mitupu. Hatukumdhulumu kwa hukumu. Tulimdhulumu kwa jawabu letu la siku ile. Na mpaka leo hatuwezi kumwona mtu wa Maskati tusilikumbuke.

Na zaidi ya hayo, tazama makosa yaliyokuwamo. Hisa zile zilikuwa zimegawanywa, asilimia 65 za wenyeji na asilimia 35 za wageni. Binamu alikuwa mgeni; kwa jina la mwenyeji ametwaa fungu la mwenyeji mwingine, labda kijana aliyesimama juani na shilingi 10,000 zake, ambazo ndizo zilizokuwa chini kabisa. Na dada amevunja sharti la nchi yake bila ya kujua, kwa kutuamini sisi. Nia njema haiwi ufunguo wa mlango wa mtu.

YAPASAYO KUFANYWA

Twamwambia ndugu yetu, na kila aliye katika hali yake:

Kwanza, asipeleke tangazo kabla ya kujua aliyekusudiwa amekaa nchi gani, na sheria ya nchi hiyo yasemaje. Wakili wa hapa pekee hatoshi. Atafutwe na mjuzi wa kule. Ikiwa gharama ya kuuliza yazidi fedha inayotafutwa, hiyo ni dalili kwamba mlango huo si wake kwa sasa.

Pili, hata akiuza kwa wachache wasiofikia kuwa umma, ambao kanuni zimewaachia nafasi, aandike kama kwamba auza kwa umma. Madeni yawekwe juu ya lundo. Qur'ani imetuamuru kuandika deni la muda. Sembuse fungu litakaloishi baada ya wenyewe kufa.

Tatu, anayenunua kwa ajili ya mwenzake, na amnunulie kwa akaunti iliyoruhusiwa, inayofunguliwa kwa wakala mwenye idhini, na jina la mwenye mali litajwe humo. Kama sheria haimruhusu huyo kununua, basi asinunue. Riziki ina milango mingi.

Nne, anayealikwa kununua hisa kutoka nchi nyingine, naye na aulize maswali matatu kabla ya kutoa hata senti: Waraka uko wapi? Ni mamlaka gani iliyoukubali? Nikidhulumiwa, nitamshtaki nani na katika mji gani? Mwenye kukasirika kwa kuulizwa hayo ameshajibu.

Tano, na hili ni letu sisi wenye vilemba: tukiulizwa jambo la biashara tusilolijua, tuseme hatujui. Malik, imamu wa Madina, aliulizwa masuala mengi naye kwa mengi akasema sijui, wala haikumpunguzia kitu. Sisi tulisema twajua mara moja, na mtu wa mbali akapoteza mali yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atulinde na kuwa sababu ya kupotea haki ya mtu, aliye karibu na aliye mbali. Wabillahi taufiq.